Miaka Saba Si Siku ya Kumkabidhi Mtoto

Wazazi wanapotengana Karagwe au Kyerwa, mkoani Kagera nchini Tanzania, kuna kanuni moja inayojulikana na kila mtu na isiyohojiwa na yeyote: mtoto mdogo anabaki na mama yake, akitimiza miaka saba anarudi kwa baba. Utaisikia kwenye kikao cha ukoo, kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwenye baraza la usuluhishi la kata, na mara nyingine utaikuta ndani ya amri ya mahakama ya mwanzo, imeandikwa kana kwamba hakimu aliinakili kitabuni. Anayeisema huisema kwa kujiamini, akianza na "sheria inasema". Baba akiisikia huondoka ametulia kama mtu aliyeacha mzigo stoo na kupewa stakabadhi; mama huanza kuhesabu miaka. Ninachodai katika makala haya ni kwamba sheria haisemi hivyo. Miaka saba iliwekwa kumlinda mtoto mdogo asitenganishwe na mama yake bila sababu nzito. Haikuwekwa kuwa siku ya kumkabidhi kwa baba, na kila baraza au mahakama inapoigeuza kuwa siku hiyo, anayelipa ni mtoto.

Tuanze na maandishi yenyewe. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kumweka mtoto katika malezi ya baba au ya mama na, penye mazingira ya kipekee tu, ya ndugu mwingine au taasisi ya kulea watoto. Jambo la kwanza, lililo zito kuliko yote, ni ustawi wa mtoto. Chini ya hilo, mahakama itazame matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kuwa na maoni yake, na desturi za jamii ya wahusika. Ndipo inapokuja miaka saba: sheria inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya umri huo ni heri akae na mama yake, na dhana hiyo upande wa pili unaruhusiwa kuivunja kwa ushahidi. Sentensi haiishii hapo. Inaitaka mahakama, inapopima kama dhana hiyo inafaa katika shauri lililo mbele yake, ikumbuke kwamba si vizuri kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha kutoka mikono hii kwenda mikono ile. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imerudia jambo hilohilo katika kifungu cha 26, na katika kifungu cha 39 imeongeza mengine ya kupimwa: umri na jinsia ya mtoto, maoni yake kama ameyatoa kwa uhuru, umuhimu wa kutowatawanya ndugu, na umuhimu wa malezi yasiyokatikakatika. Hakuna popote katika vifungu hivyo palipoandikwa kwamba akifika saba arudi kwa baba.

Kosa la wenye kanuni hiyo ni la mantiki kabla halijawa la kisheria. Wanaona kwamba chini ya saba mizani imeinamia kwa mama, wanahitimisha kwamba kuanzia saba inainamia kwa baba. Lakini dhana ya kisheria ikifika kikomo chake haizai dhana ya kinyume. Inaiacha mizani ikiwa sawa, na kinachobaki ni kumwangalia mtoto huyu, mwenye jina na mazingira yake. Na hapo penye mizani iliyo sawa ndipo hoja ya kutomhamisha inapokuwa na nguvu zaidi. Mtoto aliyelelewa na mama tangu akiwa na miaka miwili, leo akiwa na saba yuko darasa la kwanza au la pili. Ana mwalimu anayemjua kwa jina, ana njia yake ya kwenda shule na wenzake wa kuifuata. Miaka mitano ya maisha yake imejengeka upande mmoja. Sheria inaiona miaka hiyo kama sababu ya kumwacha alipo. Kanuni ya mitaani inaiona kama muda wa kungoja uliokwisha.

Chukua familia yenye watoto watatu, wa miaka tisa, sita na mitatu, ambayo mama amerudi kwao Nkwenda na baba amebaki Nyaishozi. Kwa kanuni ya saba, mkubwa anachukuliwa leo, wa kati mwakani, wa mwisho baada ya miaka minne. Ndugu waliokuwa wakilala chumba kimoja wanang'olewa mmoja mmoja kwa awamu, na kila awamu ni kilio kipya katika nyumba ambayo kilio cha awali hakijapoa. Ni kweli Sheria ya Ndoa inairuhusu mahakama kuupima ustawi wa kila mtoto peke yake na hata kuwagawa. Lakini kumpima mtoto ni kazi: umuulize, umtazame afya yake, ujue anasoma wapi na analala wapi. Anayesoma tarehe ya kuzaliwa na kutoa amri hajampima mtu.

Namba yenyewe ina historia ambayo watetezi wake hawaitaji. Katika Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 19, haki juu ya watoto ilikuwa ya baba, na mama aliyetengana na mumewe aliweza kunyimwa hata kuwaona. Caroline Norton, mwandishi aliyetenganishwa na wanawe watatu, alipiga kelele hadi mwaka 1839 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kumruhusu mama aombe kukaa na watoto walio chini ya miaka saba. Ilikuwa nafuu ndogo, iliyotolewa shingo upande, ndani ya mfumo uliomhesabu mtoto kuwa mali ya baba. Mwaka 1873 Waingereza wenyewe waliifuta saba na kuweka kumi na sita. Anayeshikilia mjini Kayanga leo kwamba kuanzia saba mtoto ni wa baba anaitetea London ya 1839, wala si Karagwe ya Mfalme Rumanyika. Waislamu nao wasiitwe kuwa mashahidi wake. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wao Afrika Mashariki, mtoto akifikia umri wa kupambanua mambo, unaokadiriwa kuwa kama miaka saba, huulizwa anataka kukaa na nani. Huko saba ni umri wa mtoto kuanza kusikilizwa, jambo ambalo kanuni yetu ya mitaani haijawahi kulifikiria.

Watasema: basi kama si sheria ni mila, na mila ya hapa ni kwamba mtoto ni wa baba. Ni kweli kwamba tamko la sheria za mila la mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 279, liliandika kwamba watoto waliozaliwa ndani ya ndoa ni wa baba. Lakini Bunge lilipotunga Sheria ya Ndoa mwaka 1971 lilifunga mlango huo. Sura ya 358 ya sheria zetu, katika kifungu cha 11, inatamka kwamba sheria za mila na za Kiislamu hazitatumika katika jambo lolote ambalo Sheria ya Ndoa imeliwekea utaratibu, na malezi ya watoto yamewekewa utaratibu. Desturi imeachiwa nafasi moja, ya mwisho katika orodha ya kifungu cha 125, tena chini ya ustawi wa mtoto. Hakimu anaruhusiwa kuisikiliza. Kutawaliwa nayo haruhusiwi.

Tena mila yenyewe haikuwa nyepesi kama inavyosimuliwa. Hans Cory na Hartnoll, waliochapisha mwaka 1945 kitabu juu ya sheria za mila za Wahaya, majirani na ndugu wa Wanyambo wa Karagwe, waliikuta desturi iliyoitwa bisisi, ambayo kwayo mtoto aliweza kuhesabiwa kuwa wa mwanamume aliyekutana na mwanamke kwanza baada ya uzazi uliotangulia, hata kama mimba iliingia kwa mwingine. Leo hakuna atakayeipeleka bisisi mahakamani, na ni vyema. Lakini inaonyesha kitu ambacho mjadala wa sasa umekisahau: mila ilikuwa ikijibu swali la ukoo, yaani mtoto ahesabiwe wapi. Haikuwa ikijibu swali la nani amlishe jioni, amwogeshe, akeshe naye akipata homa. Haya ni maswali mawili, na kanuni ya saba inayachanganya kwa makusudi au kwa uzembe. Wala si mara ya kwanza mila ya mkoa huu kupimwa. Mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliikataa kanuni ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi, kwa kuwa ilimbagua kinyume cha Katiba. Koo za Kagera hazikusambaratika kwa hukumu hiyo.

Nyuma ya hoja ya mila kuna hofu ya kweli, na hofu hiyo inahusu kibanja, yaani shamba la ukoo. Mtoto wa kiume akikulia kwa wajomba, wanasema, atapotea. Hatajua mpaka wa shamba la babu yake unapita wapi, wala kaburi la nani liko chini ya migomba ipi, na siku ya kugawa urithi wenzake watamwona mgeni. Siidharau hofu hiyo. Katika nchi ya migomba na kahawa, asiye na kibanja anaanza maisha na mikono mitupu. Ila dawa yake haimo katika kumhamisha mtoto. Haki ya mtoto katika mali ya mzazi wake haitokani na kitanda anacholalia: Sheria ya Mtoto inakataza kumnyima mtoto kunufaika na mali ya mzazi, bila kujali anaishi na nani. Kifungu cha 26 hichohicho kinampa haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi asiyeishi naye. Likizo za shule zinatosha kumjulisha mvulana mipaka ya shamba, mbuzi wa babu na majina ya wazee, kama baba ana nia. Na kuna jambo linaloifichua hoja hii: haimgusi binti, ambaye kwa mila hiyohiyo anatazamiwa kuolewa na kwenda kwa wengine, lakini akifika saba naye huchukuliwa. Kama sababu ingekuwa kibanja kweli, wangemwacha.

Hoja ya pili husikika zaidi mahakamani, nayo ni ya fedha: mama hana kitu, amerudi kwao na mfuko wa nguo, mtoto atakula nini? Inaonekana ya huruma, na huwashawishi hata watu wenye nia njema. Lakini inageuza deni la baba kuwa kasoro ya mama. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa kinamwajibisha baba kuwatunza watoto wake wawe katika malezi yake au ya mtu mwingine, na Sheria ya Mtoto inaitaka mahakama, inapopanga matunzo, itazame kipato na mali za wazazi wote wawili pamoja na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Kwa hiyo swali la nani amlee haliwezi kujibiwa kwa kuuliza nani ana pesa, kwa sababu mwenye pesa anadaiwa matunzo vyovyote iwavyo. Na tuulize pesa yenyewe imetoka wapi. Karagwe na Kyerwa wanaopalilia kibanja, kuchuma na kuanika kahawa kwa sehemu kubwa ni wanawake na watoto. Jina lililo kwenye daftari la chama cha msingi cha ushirika, ambako malipo hupita, mara nyingi ni la mume. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mke aliyefanya kazi hizo miaka kumi kisha akatoka mikono mitupu hajawa maskini kwa bahati mbaya, na umaskini huo usitumike mara ya pili kumnyang'anya watoto.

Kuna anayejibu kwamba matunzo ni maneno ya karatasi, kwamba amri inatolewa na baba halipi. Hapo wana sababu. Kabla ya mwaka 2009 mambo yalikuwa ya aibu zaidi: sheria ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa ilikuwa bado inataja kiwango cha juu cha shilingi 100 kwa mwezi, ambayo haikutosha kununua hata sabuni. Kiwango hicho kimefutwa, lakini kukwepa hakujafutwa. Baba anayejua kwamba msimu wa kahawa utaleta amri anaweza kuiuza ikiwa bado mtini, biashara inayoitwa butura, ambayo serikali imeipiga marufuku na bado inafanyika, au kuivusha Uganda kwa magendo. Akifika mbele ya hakimu anaapa hana kitu. Kwa hilo mahakama ina njia: stakabadhi za miaka iliyopita za chama cha msingi, ukubwa wa shamba, ushahidi wa majirani waliomwona akichuma. Ikimwona baba anaficha mavuno ili asilipe, na papo hapo anaomba apewe mtoto kwa kuwa ana uwezo, itambue kwamba madai hayo mawili hayawezi kuwa ya kweli kwa pamoja.

Halafu kuna jambo linalojulikana vijijini na lisiloandikwa kwenye hukumu. Mtoto anayepewa baba mara nyingi hakai na baba. Baba yuko Mwanza, yuko Geita kwenye dhahabu, amevuka mpaka wa Murongo kutafuta kazi, au ameoa tena. Mtoto anakaa na bibi yake mzaa baba au na mama wa kambo. Bibi anaweza kuwa mlezi bora kuliko wote, na wapo mama wa kambo wenye moyo. Lakini sheria inaruhusu mtoto kupewa mtu asiye mzazi kwa sababu za kipekee tu, zikithibitishwa. Kanuni ya saba inamfikisha kwa mtu huyo kwa mlango wa nyuma: amri inamtaja baba, malezi yanafanywa na mtu ambaye mahakama haikumwona wala haikumuuliza neno. Wanaotuonya juu ya baba wa kambo mama akiolewa tena, na onyo lao si la kupuuza, wangepaswa kuuliza swali hilohilo juu ya nyumba ya pili. Hawaulizi.

Sasa pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote: kwamba hoja hii inawafungia nje akina baba, na kwamba mwanaume anayempenda mwanawe ananyimwa mtoto kwa sababu tu mkewe aliondoka naye akiwa mchanga. Ingekuwa kweli kama ningedai mtoto ni wa mama. Sidai hivyo. Dhana ya chini ya miaka saba inavunjika kwa ushahidi hata leo: mama anayempiga mtoto, anayemwacha peke yake usiku, aliyemtelekeza. Na hoja ya kutoyavuruga maisha ya mtoto inakata pande zote mbili. Mama aliyeondoka na kumwacha mtoto wa miaka miwili kwa baba, kisha akarudi baada ya miaka minne kudai kwamba bado hajafika saba, asishinde kwa umri peke yake. Baba aliyembeba mgongoni kwenda kliniki miaka yote hiyo ana dai lililo zito, na hakimu anayelipuuza anakosea kama yule wa upande wa pili. Kwa kweli baba mlezi ndiye ambaye kanuni ya saba inamdhulumu kimyakimya, maana inamwambia mwanaume kwamba miaka ya mwanzo haimhusu. Akae mbali, mtoto ataletwa. Hata kwa majirani zetu, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Wajibu huo hauanzi siku ya kuzaliwa ya saba.

Inabaki hoja ya watu wa utekelezaji. Kanuni rahisi, wanasema, inazuia ugomvi. Mahakimu wana mafaili mengi, maofisa ustawi wa jamii ni wachache na kata ni nyingi, na rufaa inayofika Mahakama Kuu ni safari ya kwenda Bukoba, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kayanga. Wape watu namba moja wanayoielewa. Ninaelewa kwa nini namba hiyo ilishika mizizi. Kwa miongo mingi mahakama za mwanzo ziliendesha mashauri kwa Kiswahili huku Sheria ya Ndoa ikiwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 ndipo Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na ya mahakama za ngazi zote. Kifungu kirefu chenye masharti kilipopita mdomo kwa mdomo kilipoteza masharti yake, ikabaki namba. Lakini je, imezuia ugomvi? Mtoto aliyewekewa tarehe ya kuchukuliwa anakua katika nyumba inayojiandaa kumficha, na baba anayeingoja tarehe hana haraka ya kulipa matunzo kwa kitu ambacho karibu kitakuwa chake. Namba imeahirisha ugomvi tu, ukaja kufumuka wakati mtoto ana akili ya kutosha kuuelewa.

Kilicho rahisi zaidi kipo tayari kwenye sheria. Mabaraza ya usuluhishi ya kata yakishindwa kupatanisha hutoa hati, na yanaweza kuambatisha mapendekezo juu ya malezi. Hayana mamlaka ya kutoa amri, na wasaidizi wa kisheria, wakiwemo wa shirika la WOMEDA pale Kayanga, wangefanya vyema kuwakumbusha wajumbe hilo kabla hawajaandika saba kwenye karatasi. Hakimu naye anayetoa amri kwa mtoto wa miaka miwili hana haja ya kuamua leo mtoto huyo ataishi wapi miaka mitano ijayo. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu amri ya malezi ibadilishwe au ifutwe wakati wowote, mhusika akiomba na kuonyesha kwamba ilijengwa juu ya uongo au makosa ya ukweli, au kwamba mazingira yamebadilika kwa kiasi kikubwa. Mama akiugua na kushindwa kulea, ni badiliko. Baba akirudi na kutulia, akawa amelipa matunzo na kumtembelea mwanawe kila likizo, aje aeleze. Lakini kutimiza miaka saba ni jambo ambalo hakimu alilijua siku aliyotia saini amri. Kila mtoto akijaliwa uhai hulifikia, na anayetaka mtoto ahamishwe siku hiyo lazima aje na sababu nyingine.